Waliwekwa wa 16 wakamaliza mabingwa: msimu wa ASU nilioufuatilia nikiwa kibandani

Kuna watu bado wananiuliza imekuwaje mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akapenda mpira wa Kimarekani kiasi hiki, huu mpira wa umbo la yai, wa kugongana na kusimama kila baada ya sekunde sita. Jibu langu ni msimu wa 2024 wa timu ya chuo kikuu cha Arizona State, ASU, ule walioubeba ubingwa wa konferensi ya Big 12, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja. Ile timu ilikuwa ya watu waliotoka kwingine. Karibu kila jina lililoimbwa uwanjani pale Tempe lilikuwa la kijana aliyehama kutoka chuo kingine, mmoja hakutakiwa, mwingine aliumia akaachwa, mwingine hakupewa nafasi. Mimi na wenzangu tuliletwa Phoenix na ndege za wakimbizi, hatukuhitaji mkalimani kwenye hilo.

Sisi wazazi wetu ni wa Fizi, Kivu Kusini, ila kambi ndio imetulea, Kasulu pale mkoani Kigoma, kwaiyo Kiswahili chetu ni cha Kitanzania zaidi na mpira tulioujua ni wa miguu, wa makaratasi na kamba. Huu mwingine tuliukuta huku na kwa muda mrefu tuliuona kelele tu za kwenye tivii.

Tulivyoingia uwanjani ni kwa sababu ya kwaya. Kanisa letu lilikuwa linatafuta hela ya spika na kinanda, akatokea mtu akatuambia kuna utaratibu kwenye viwanja vingi vya hapa Marekani, kikundi kisicho cha biashara kinapewa kibanda cha chakula siku ya mechi, mnauza hotidogi na nacho na soda na maji, alafu asilimia fulani ya mauzo inaingia kwenye akaunti ya kikundi. Mama kiongozi wa kwaya hakufikiria mara mbili. Tukafundishwa usafi wa chakula, tukapewa aproni na kofia, basi tukawa watu wa uwanjani.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 31 Agosti na Wyoming. Mnaoishi sehemu za baridi hamuwezi kuelewa Agosti ya Phoenix, mechi inaanza saa moja unusu usiku kwa makusudi ili jua lizame kwanza na bado ukitoka nje ya kibanda ni kama mtu amefungua mlango wa tanuri usoni kwako. Tuliuza maji kuliko chakula. Na viti vilikuwa na mapengo, uwanja unabeba watu zaidi ya elfu 50 lakini huko juu ulikuwa unaona chuma kitupu. Nani angeenda? Mwaka uliotangulia, 2023, walishinda mechi 3 wakafungwa 9, na chuo chenyewe kilikuwa kimejizuia kucheza mechi za baada ya msimu kwa sababu ya uchunguzi wa makosa ya usajili ya enzi za kocha aliyepita. Alafu ndio walikuwa wanaingia konferensi mpya, Big 12, baada ya ile ya zamani ya Pac-12 kusambaratika, na waandishi wa habari walipopiga kura kabla ya msimu waliwaweka ASU nafasi ya 16. Timu zilikuwa 16.

Wyoming alipigwa 48 kwa 7. Watu wakasema aah, Wyoming.

Sasa mimi kazi yangu ilikuwa kwenye kikaango, na juu ya kikaango kulikuwa na tivii inayoonyesha mechi ileile inayochezwa nyuma ya ukuta, ila picha inachelewa kidogo. Kwaiyo unasikia kwanza kishindo cha watu halafu ndio unaona kilichotokea. Mwanzoni sikuelewa chochote. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kizungu, kazi yake kuelekeza watu kwenye viti, alikuwa anakuja kuchukua kahawa. Siku moja kabla milango haijafunguliwa akachukua vipakiti vya kechapu akavipanga kwenye kaunta, vitano mstari mmoja, vya haradali upande wa pili vikitazamana navyo, akaweka kifuniko cha chupa nyuma yao. Akaniambia wote wanaangalia kifuniko, ndio mwenye mpira, wewe usimwangalie. Angalia hawa watano wa mbele. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne, isipofanikiwa inaacha mpira. Hawa watano, ukiacha wa katikati anayeuanzisha kwa kuurudisha nyuma, hawagusi mpira, hawafungi, hakuna anayejua majina yao, lakini wakisukumwa nyuma hakuna kitu kitakachotokea nyuma yao. Akavisukuma vile vya kechapu mbele taratibu kwa vidole vya mikono miwili, vyote kwa pamoja, na kifuniko kikapita katikati.

Tangu siku ile nikawa naona mechi nyingine kabisa. Na nilianza kuona kitu ambacho nadhani ndio kilibeba msimu ule, wale watano wa ASU walikuwa hawachoki kota ya nne, yaani robo ya mwisho ya mechi. Wenzao wanashika viuno, wao wanasukuma.

Nyuma yao alikuwepo Cam Skattebo, mkimbiaji na mpira. Huyu kijana nikimwongelea nitajaza ukurasa. Alipomaliza sekondari kule Rio Linda, California, hakuna chuo cha daraja la juu kilichompa nafasi, wakasema mfupi, wakasema hana kasi. Akaenda Sacramento State, daraja la chini, akawatesa huko, ndipo ASU wakamchukua. Kukimbia kwake hakukuwa kwa kupendeza macho. Alikuwa anagongwa na mtu wa kwanza, anabaki wima, wa pili anamning'inia, anaburuta wote wawili yadi tatu nne za nyongeza. Mechi ya pili na Mississippi State alikimbia yadi 262 peke yake, ASU wakashinda 30 kwa 23, na pale kibandani akina mama wa kwaya ambao hawakuwa na habari na mpira wakaanza kuuliza yule mnene mnene kaingia? Mpaka msimu unaisha alikuwa na yadi 1,711 za kukimbia.

Kotabeki, yaani yule anayerusha mpira na kuendesha mchezo, Sam Leavitt, alitoka Michigan State. Mdakaji mkuu Jordyn Tyson alitoka Colorado, alikuwa ameumia goti vibaya akakaa karibu msimu mzima. Ukiwapanga hivyo unaona, mmoja katoka huku, mwingine kule. Mwenyeji halisi alikuwa kocha. Kenny Dillingham ni mtoto wa Scottsdale, hapo jirani, kasoma ASU hiyohiyo, alianza ukocha akiwa kijana wa sekondari baada ya goti kumkatisha kucheza, na siku ya kutambulishwa mwaka 2022 alilia mbele ya waandishi akisema anarudi nyumbani. Alikuwa na miaka 32. Kuna watu walimcheka kwa kulia. Mimi nilipoiona ile video nikasema huyu mtu hatanii.

Msimu haukuwa wa mteremko ati. Wakafungwa na Texas Tech 30 kwa 22. Wakawashinda Kansas kwa tachidauni, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ya sekunde za mwisho, 35 kwa 31, wakawapiga Utah 27 kwa 19, na Utah ndio waliokuwa wamewekwa wa kwanza kwenye zile kura, hapo ndipo niliona viti vya juu vinaanza kujaa. Halafu wakaenda Cincinnati bila Leavitt aliyekuwa ameumia, wakapoteza 24 kwa 14, na mpigaji wa mguu, yule anayepiga mpira upite katikati ya nguzo, akakosa mipira miwili. Baada ya mechi kocha akasimama mbele ya kamera akasema Jumatatu tunafanya majaribio ya wapigaji, anayejua kupiga aje.

Lile lilizungumzwa mji mzima. Mimi upande mmoja sikulipenda, yule mpigaji ni mwanafunzi, ana mama yake anayeangalia tivii, ungeweza kuongea naye pembeni. Lakini upande wa pili nilikubali kwamba alitaja kidonda siku ileile kinapouma, hakusubiri msimu uishe aanze kutafuta maneno. Na mama kiongozi wetu, sijui kama alilisikia hilo au la, wiki hiyohiyo alituita baada ya mazoezi ya kwaya akatuambia wazi foleni yetu ni ndefu kuliko vibanda vyote vya upande wetu kwa sababu watu wote wanataka kukaa kwenye mashine ya malipo na hakuna anayetaka kubeba barafu. Akagawa kazi upya palepale. Wewe barafu, wewe mikate, wewe kikaango, wewe usitoke hapo mpaka kota ya tatu iishe. Kuna walionuna. Mechi iliyofuata foleni ikaenda.

Baada ya Cincinnati ASU hawakufungwa tena mpaka wakabeba kombe. Oklahoma State kwao, 42 kwa 21. UCF wakaja Tempe na Skattebo hakucheza, bega, na hapo ndipo nilipojua hii ni timu kweli maana walishinda bila yeye, 35 kwa 31. Kansas State ugenini 24 kwa 14, siku ya Tyson hiyo, yadi 176 za kudaka.

BYU tarehe 23 Novemba ndio mechi ambayo nitawasimulia wajukuu. Hali ya hewa ya Novemba pale ni tamu, mechi ya mchana, uwanja umejaa hadi kwenye ngazi, tumeishiwa mikate kabla ya kota ya tatu. ASU wameongoza 21 kwa 3 mapumziko, alafu BYU wakaanza kurudi, kidogo kidogo, ikafika 28 kwa 23. Mwishoni kabisa ASU wana mpira, jaribio la nne, Leavitt akaurusha mbali nje ili saa iishe. Tukasikia ukuta unatetemeka. Wanafunzi wakamwagika uwanjani maelfu, sisi tumeshaanza kukumbatiana na kofia za plastiki kichwani, mtu kaanza wimbo wa sifa. Kumbe saa imebaki na sekunde 1.

Waamuzi wakasema warudishwe wote. Hebu fikiria kuwatoa maelfu ya vijana uwanjani kwa sababu ya sekunde moja. Ilichukua muda, polisi wanasukuma, spika inabembeleza watu, na BYU wanasubiri wapewe jaribio moja la kurusha mpira mrefu. Mama mmoja wa kwetu akashika kingo za kaunta akawa anaomba kwa sauti, kwa Kibembe. Mpira ukarushwa, ukaishia kabla ya mstari. Wakaingia tena uwanjani, safari hii kihalali.

Arizona, wapinzani wa jadi wa Tucson, walipigwa 49 kwa 7 kwao wiki iliyofuata, sina cha kuongeza hapo zaidi ya kwamba Tyson aliumia mfupa wa mtulinga na msimu wake ukaishia hapo. Timu nne zikamaliza sawa, kushinda 7 kufungwa 2 ndani ya konferensi, ASU, Iowa State, BYU na Colorado, hesabu za kutenganisha zikawapeleka ASU na Iowa State fainali kule Arlington, Texas.

Na hapa ndipo nyumba ilipogawanyika, maana shemeji yangu aliyemuoa dada yuko Des Moines, Iowa. Wakongo wa Kiswahili ni wengi sana kule, na yeye kwa ajili ya watoto wake ameshakuwa mtu wa Iowa State kabisa. Akanipigia Ijumaa usiku, shemeji jiandae, sisi hatujabeba ubingwa wa konferensi tangu 1912, mwaka huu ni wetu. Nikamwambia shemeji nakuheshimu lakini umeingia njia ya Skattebo. ASU wenyewe mara ya mwisho ilikuwa 2007 na hata ule waligawana na USC.

Tarehe 7 Desemba, saa nne asubuhi kwetu, mazoezi ya kwaya yakasogezwa mbele bila mtu kupinga. Mapumziko 24 kwa 10. Kota ya tatu Iowa State wakapoteza mpira mara tatu na kila mara ASU wakauadhibu ule upotevu, ikawa 45 kwa 10, mwisho 45 kwa 19. Skattebo kukimbia yadi 170, tachidauni tatu kwa jumla. Mimi nilikuwa naangalia wale watano. Hakuna aliyewataja kwenye sherehe lakini njia aliyopita Skattebo siku ile hata mimi ningepita. Shemeji hakupokea simu mpaka jioni, alipopokea akasema tu hongereni, mna watu wenye nguvu, na tukaongea habari za watoto.

Ngoja niseme na hili maana ndilo nililobaki nalo. Kwenye kile kibanda tulikuwa na mama aliyekuwa nesi mzalishaji huko kwetu, amezalisha watoto asiojua idadi, hapa anasafisha vyumba vya hoteli kwa sababu vyeti vyake havitambuliki. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu anayepanga maboksi ghalani usiku. Sijui ni wangapi wanawapita kila siku wakiwaona ni watu wa barafu na mikate. Skattebo alikuwa Skattebo tangu Sacramento, nguvu hakuletewa na ASU, kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliangalia akasema njoo, nina nafasi. Ndio maana mama nesi niliposikia analeta habari za kurudia mitihani nikamfuata mwenyewe, nikatafuta namba ya shirika linalosaidia wahamiaji wenye taaluma za afya, nikamwendesha kwenda usaili. Zamani ningesema Mungu atafungua njia nikaendelea na safari yangu.

Ubingwa uliwapa ASU nafasi ya moja kwa moja robo fainali ya mchujo wa taifa, ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa mchujo wa timu 12, wakapangwa na Texas kule Atlanta, Peach Bowl, tarehe 1 Januari 2025. Sisi tulitoka mkesha wa mwaka mpya kanisani tukalala masaa mawili matatu, saa tano asubuhi tuko kwenye apatimenti ya mama kiongozi, ugali na sombe mezani, watoto chini, wazee kwenye makochi.

Kota ya nne Texas wanaongoza 24 kwa 8. Wazee wakaanza kusinzia. Halafu Skattebo, ambaye tulimwona akitapika pembeni ya uwanja mapema kwenye mechi, akarusha yeye mwenyewe mpira wa tachidauni, yadi 42, kisha akakimbia nyingine, ikawa 24 kwa 24 na hakuna aliyesinzia tena. Kuna kugongwa kichwa kwa Melquan Stovall dakika za mwisho ambako waamuzi walikutazama kwenye video wakasema si kosa. Ilikuwa kosa. Nitasema hivyo popote. Texas wakakosa mipira miwili ya mguu ya kumaliza mechi, tukaenda muda wa nyongeza, ASU wakafunga kwanza, Texas wakabaki na jaribio la nne na yadi 13, yaani yadi 13 kwa jaribio moja, sebule nzima imesimama, na Quinn Ewers akamkuta Matthew Golden peke yake. Yadi 28. Nyongeza ya pili Texas wakafunga tena, Leavitt akajibu kwa kurusha, na mpira ukadakwa na mtu wa Texas. 39 kwa 31. Basi.

Kimya kikaingia, mtangazaji akataja aliyedaka. Andrew Mukuba. Mama kiongozi akainua kichwa, nani? Jina la mtu wa kwetu hilo. Mdogo wangu akaingia kwenye simu akaanza kutusomea, wazazi wake ni Wakongo waliokimbia vita, yeye kazaliwa Zimbabwe, wakaletwa Austin, Texas akiwa mtoto, Kiingereza hajui, mpira wa Kimarekani kaukuta hapa, akaanza chuo Clemson kisha akahamia Texas. Nilikuwa na uchungu wa kufungwa mpaka kooni na hapohapo nikawa natabasamu, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mama nesi akasema mtoto wetu ametufunga, akaomba aonyeshwe tena ile video, tena, tena, akimtazama yule kijana anavyoruka na mpira kifuani.

Mwezi wa nne wakachaguliwa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, wote wawili, Mukuba akachukuliwa na Philadelphia Eagles raundi ya pili, Skattebo na New York Giants raundi ya nne, na hizo timu ziko kundi moja, zinakutana mara mbili kila msimu. Mdogo wangu kanunua jezi ya Giants. Akina mama wa kwaya wote ni Eagles, na wameshapanga mechi hizo zikiangukia Jumapili ibada ianze mapema.